Mwanajeshi Hafungui Jalada

Mkutano wa shehia uliitishwa baada ya sala ya Isha, katika uwanja wa skuli. Viti vya plastiki havikutosha, vijana wakakaa juu ya ukuta. Ajenda moja: wizi. Zilikwishakwenda vespa mbili, mitungi ya gesi, pampu ya maji ya msikiti, na usiku mmoja mama wa watu aliingiliwa ndani amelala na wanawe, akatishiwa kwa panga.

Mzee mmoja akasimama. "Sheha, mimi naomba uandike barua. Polisi tushawachoka. Waletwe wanajeshi, wiki mbili tu, utaona mtaa utakavyotulia."

Makofi yakapigwa, na wanawake waliokaa nyuma wakapiga zaidi.

Sheha, mkuu wa serikali pale mtaani, akangoja yaishe. "Mzee wangu, barua nitaandika. Lakini wale vijana wa vespa tunawajua kwa majina. Nani hapa kesho asubuhi atafuatana nami kituoni akaandikishe maelezo?"

Hakunyanyuka mkono hata mmoja.

Wiki zimepita na suala lile la sheha bado linanisumbua. Naona ndani yake mna ubishi mzima wa kutumia jeshi kupambana na wahalifu, kuliko hotuba nyingi nilizosikia juu ya jambo hili.

Anayeomba si mjinga

Nianze na yule mzee, maana ni rahisi kumpuuza.

Hapa kwetu Zanzibar hakuna asiyejua sare inaweza kufanya nini. Ya Januari 2001, waandamanaji walipopigwa risasi, sitayasimulia, wala ya wale waliofunika nyuso ambao Mjini tuliwaita mazombi. Msomaji wa Unguja na Pemba anayo mwenyewe. Na Oktoba 2025 tuliwaona wanajeshi barabarani Dar es Salaam na amri ya kutotoka nje ikitangazwa. Mtu anayeyajua yote haya, kisha bado akasimama kuomba wanajeshi waje mtaani kwake, amefikishwa pabaya. Ameripoti, akapewa RB, akaambiwa arudi kesho, akarudi, akamkuta mwizi wake anakunywa chai kibarazani.

Wala si hapa tu. Marekani wana sheria ya tangu 1878 inayozuia jeshi kufanya kazi za polisi pasipo ruhusa ya sheria nyengine, na hata hivyo mwaka 2025 walirudi kwenye mabishano hayo hayo: askari wa Gadi ya Taifa walipelekwa Los Angeles mwezi Juni, wakafuatwa na wanamaji, kisha Washington mwezi Agosti. Septemba 2 jaji wa mahakama ya shirikisho akasema ya Los Angeles yalivunja sheria ile.

Kwa hiyo ombi nalielewa. Kinachonitia shaka ni kile tunachodhani tutakipata.

Sare tatu, mabosi watatu

Watu wakisema "wanajeshi" mtaani, huwa wanachanganya mambo mawili ambayo kisheria yako mbalimbali.

JWTZ na Polisi ni mambo ya Muungano. Amiri Jeshi Mkuu ni Rais wa Jamhuri ya Muungano, na Kamishna wa Polisi Zanzibar yuko chini ya IGP, mkuu wa polisi wa nchi nzima. Vikosi vya SMZ (Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar), yaani JKU (Jeshi la Kujenga Uchumi), KMKM (Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo), KVZ (Kikosi cha Valantia), Chuo cha Mafunzo (magereza) na Zimamoto, ni Idara Maalum chini ya kifungu cha 121 cha Katiba ya Zanzibar ya 1984, na mkubwa wao ni Rais wa Zanzibar.

Sasa chukua doria moja ya usiku, gari moja, ndani yake polisi wawili, askari wanne wa kikosi na wanajeshi wanne. Wamepanda pamoja, lakini kila kundi lina redio yake, kamanda wake na utaratibu wake wa nidhamu. Mwanajeshi akikosea ana mahakama ya kijeshi, na polisi ana mashtaka ya kinidhamu ndani ya jeshi lake. Kijana akivunjwa mkono usiku ule, mzazi wake anakwenda kituoni, anaambiwa "hao hawakuwa wetu". Anakwenda kambini, anakomea getini.

Hili ndilo la kwanza linaloharibika, na huharibika hata pale ambapo hakuna mwenye nia mbaya. Watu kumi wametoka usiku na asubuhi hakuna hata mmoja wa kuulizwa.

Kete tatu, saa nane usiku

Hapa ndipo pa kukaa, kwa sababu hapa ndipo kesi inapofia.

Doria inamkamata kijana uchochoroni ana kete tatu za unga. Polisi aliyefundishwa anajua hatua. Anamtafuta shahidi huru, mara nyingi sheha au jirani. Anampekua mbele yake. Anazihesabu kete kwa sauti, anajaza hati ya ukamataji mali pale pale, nayo inatiwa saini na aliyekamata, aliyekamatwa na shahidi. Kete zinatiwa kwenye bahasha, inafungwa kwa lakiri na kuandikwa lebo. Kituoni inaingizwa kwenye daftari na kukabidhiwa mtunza vielelezo, kwa saini. Kisha inakwenda kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, tena kwa saini, na inarudi na ripoti. Kila mkono uliogusa ile bahasha una jina, tarehe na saa.

Mwanajeshi hakufundishwa hayo, na si kosa lake. Amefundishwa kulishika eneo na kulizuia. Atazichukua zile kete, atatia mfukoni, atampa mwenzake, mwenzake atamkabidhi sajenti asubuhi, na sajenti atazipeleka kituoni zimefungwa kwenye karatasi ya gazeti.

Mahakamani wakili wa utetezi hahitaji kumtetea kijana kuwa ni mwema. Anauliza moja tu: tangu saa 8 usiku mpaka saa 3 asubuhi, zile kete zilikuwa kwa nani?

Hakuna wa kujibu, na aliyezichukua kwanza keshahamishiwa kambi nyengine.

Kesi imekwisha.

Vespa ni vivyo hivyo. Doria inamfukuza mwizi, anaitupa, askari wanaitambua na wanamrudishia mwenyewe usiku ule ule. Mtaa mzima unashangilia. Lakini namba ya chesisi haikulinganishwa na kadi, picha haikupigwa, hati ya ukamataji haikuandikwa. Mwenyewe anayo vespa yake, upande wa mashtaka hauna kitu. Kijana akikamatwa kesho yake, anatoka.

Na utambuzi. Mama aliyetishiwa kwa panga anaweza kumjua mtu kwa sura. Utaratibu unataka gwaride la utambulisho: mshukiwa apangwe na watu wasiopungua wanane wanaofanana naye kwa umri, urefu na umbo, na shahidi asiwe amemuona baada ya kukamatwa. Wanajeshi wakimkamata kijana, wakampitisha mtaani amevuliwa shati, wakamuuliza mama "ni huyu?", gwaride limeshakufa kabla halijapangwa. Mama anasema kweli tupu, na ushahidi wake unapoteza uzito.

Ndiyo maana nasema mwanajeshi anaweza kuusimamisha mtaa, lakini jalada hafungui. Na mwizi anayeogopa doria bila ya kuogopa jalada hungoja tu doria iondoke.

Risasi na kuta zetu

Risasi ya SMG, ile bunduki ya aina ya AK-47, hutoka mtutuni kwa kasi ya mita 700 hivi kwa sekunde. Hiyo ni karibu mara mbili ya risasi ya bastola. Bati haliizuii, mlango wa mbao hauizuii, na bado inaua ikiwa imeshapita mita mia kadhaa. Mtu aliyepigwa risasi uchochoroni Mji Mkongwe, ambako kuta ziko mkabala kwa upana wa mikono miwili, ana ukuta wa mawe nyuma yake wa kuirudisha. Katika mitaa ya Ng'ambo, nje ya Mji Mkongwe, nyuma yake mna chumba cha watoto wa jirani.

Polisi wanaweza kuwa na SMG pia, najua. Tofauti iko katika kile ambacho mikono imezoeshwa. Kanuni za Umoja wa Mataifa za 1990 juu ya matumizi ya silaha zinamtaka askari asitumie bunduki dhidi ya mtu ila maisha yawe hatarini na njia nyengine zimeshindwa. Mafunzo ya vita yanaanzia kwengine: adui abanwe kwa risasi asinyanyue kichwa, ili wenzako wasogee.

Mwaka 1992, wakati wa ghasia za Los Angeles, polisi walifuatana na wanamaji wa jeshi kwenye nyumba moja iliyokuwa na ugomvi wa mke na mume, eneo la Compton. Aliyekuwa ndani akapiga risasi za marisau kupitia mlangoni. Polisi akawapigia kelele wanamaji wamkinge, kwa maana ya polisi: lengeni silaha, mngoje. Wanamaji wakafanya kile ambacho amri hiyo inamaanisha vitani. Zilifyatuliwa risasi zaidi ya 200 kwenye nyumba yenye familia ndani.

Hakufa mtu, na sijui kama kuna wa kulitegemea hilo mara ya pili.

Waliofyatua walitii mafunzo yao barabara, hawakuwa walevi wala wakorofi. Ndiyo maana mfano huu unanitisha kuliko ile ya askari waovu.

Waliokwishajaribu

Mexico walianza Disemba 2006, Rais Felipe Calderón alipopeleka wanajeshi wapatao 6,500 jimbo la Michoacán. Mwaka 2007 nchi nzima iliandikisha mauaji 8,867. Mwaka 2011 yalikuwa 27,213. Mtu atasema vita vya magenge vingekuwapo tu, na sehemu ni kweli. Lakini wakubwa wa magenge walipouawa au kukamatwa, waliobaki waligawika vipande vipande wakaanza kupigania mitaa, na kesi za waliouawa zikabaki bila wapelelezi wa kuzifuata.

Rio de Janeiro, Februari hadi Disemba 2018, usalama wa jimbo zima uliwekwa chini ya jenerali. Mwaka ule waliouawa na polisi wa jimbo hilo walifika 1,534, kutoka 1,127 mwaka uliotangulia.

Cape Town, Julai 2019, wanajeshi 1,320 waliruhusiwa kuingia mitaa ya Cape Flats yenye magenge. Walipangiwa miezi miwili. Wakaongezewa mpaka Machi 2020. Maiti ziliendelea kupokewa kila mwisho wa wiki wakiwa wapo.

Ninaloliona kote huko ni hilo la kuongezewa muda. Wiki mbili za yule mzee hazimaliziki, kwa sababu siku ya kuondoka hakuna kilichobadilika kituoni.

Afrika Kusini hiyo hiyo, Julai 2021, ghasia za KwaZulu-Natal na Gauteng ziliua watu zaidi ya 350, na serikali ikaidhinisha wanajeshi 25,000. Pale sina neno. Kulinda barabara kuu, maghala na vituo vya mafuta wakati maelfu wanapora ni kazi ambayo jeshi linaiweza: sehemu inajulikana, kazi ni kuzuia, na inaisha.

Na karafuu je?

Hoja nzito zaidi dhidi yangu inatoka hapa hapa. KMKM ni kikosi, si polisi, na kimelinda bahari dhidi ya magendo ya karafuu kwa miaka mingi. Mabaharia wake na wapiga mbizi wake tuliwaona pia wakiokoa watu MV Spice Islander ilipozama Septemba 2011 na MV Skagit Julai 2012. Mbona hao wanafaa?

Wanafaa. Baharini usiku, boti inayokwenda Shimoni, pwani ya Kenya, imezima taa na imejaa magunia, ushahidi wote umo ndani ya boti na hakuna majirani ukutani. Kazi ya kikosi inalingana na mahali.

Hata hivyo, mkulima wa Pemba ana la kuongeza. Doria zilikuwapo miaka yote na karafuu zikavuka miaka yote. Kilichoyapiga magendo hasa ni bei, mwaka 2011, serikali ilipoipandisha na kuamua kumlipa mkulima asilimia 80 ya bei ya soko la dunia. Mtu hahatarishi ngarawa yake usiku kwa faida isiyokuwapo. Boti za KMKM zikabaki na kazi ndogo, na wakaiweza.

Nikiitazama mitaa yetu kwa jicho hilo, najiuliza bei yetu ni ipi. Ni kitu gani kikibadilika, wizi wa vespa hautakuwa na faida? Jibu langu ni uhakika wa kufungwa, hata kama ni miezi sita tu. Na uhakika huo unapita kwenye jalada.

Muhali

Narudi kwenye ile mikono isiyonyanyuka, maana hapo sina jibu rahisi.

Watu walinyamaza kwa sababu vijana wale ni watoto wa watu wanaozikana nao. Anayetoa maelezo leo, kesho anakutana na mama wa mshukiwa kwenye maulidi. Muhali huu, yaani kuoneana haya, ndio umezimaliza kesi ngapi za udhalilishaji wa wanawake na watoto, mpaka mwaka 2021 ikaundwa mahakama maalum, na hata huko haujaondoka.

Wengi wanataka wanajeshi kwa sababu hii hasa. Mwanajeshi ni mgeni, hana muhali, atafanya ambalo sisi hatuwezi na jina letu halitatajwa.

Naelewa kishawishi chake. Lakini mgeni asiyejua mtu atajuaje nani mwizi? Ataelekezwa. Na anayemwelekeza kwa kidole gizani hasemi chini ya kiapo, hahojiwi, hawajibiki. Kidole hicho kinaweza kumwelekea mwizi, au mwenye ugomvi wa kiwanja, au aliyevaa rangi ya chama kisichotakiwa. Zanzibar tunavijua vidole hivyo.

Muhali wa mahakamani angalau unamuumiza mwenye haki peke yake. Ule wa kidole unamuumiza asiyehusika.

Wakiletwa hata hivyo

Inawezekana siku moja waletwe tu. Basi kuna mambo ambayo mtaa unaweza kuyadai kabla gari la kwanza halijafika.

Amri iwe ya maandishi, yenye mipaka ya eneo na tarehe ya mwisho. Juni 2024 Mahakama Kuu ya Kenya haikuwazuia wanajeshi kuingia mitaani, lakini iliitaka serikali itangaze rasmi kazi yao, eneo na muda. Kamanda awe mmoja, na awe mkuu wa kituo. Mwanajeshi asimame nje, kwenye njia panda na mzunguko wa nje. Anayegonga mlango, anayepekua na anayetia pingu awe polisi, na sheha awepo. Kila sare iwe na namba kifuani inayosomeka kwa taa ya simu, na nyuso ziwe wazi. Hili la nyuso lisijadiliwe hata dakika moja.

Risasi zihesabiwe zikitoka na zikirudi, kwenye daftari. Aliyekamatwa apelekwe kituoni moja kwa moja, asipitishwe kambini hata kwa "mahojiano mafupi", kwa sababu huko ndiko wakili hafiki na ndiko majeraha yanakopatikana. Malalamiko yapokelewe pahala pengine mbali na kituo kile kile: Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora inafanya kazi Zanzibar, na Kituo cha Huduma za Sheria kinaweza kumsaidia mtu kuandika.

Ukiikosa hata moja, hasa ya tarehe au ya nyuso, mimi ningesema bora wasije.

Hesabu ya sahani

Zanzibar ina shehia 388. Kuweka kituo kimoja tu cha wanajeshi wanne kwa kila shehia, usiku na mchana, ni zamu tatu, yaani watu 12. Ongeza watatu wa kushika nafasi ya wagonjwa na walio likizo: 15. Mara 388 ni wanajeshi 5,820, na milo mitatu kwa siku ni sahani 17,460, bado mafuta ya magari na pa kulala. Hizo ni gharama za kusimama tu.

Upande wa pili, mpelelezi mmoja anahitaji pikipiki, mafuta, karatasi, bahasha, lakiri na chumba cha vielelezo chenye kufuli. Kituo kinachokosa bahasha kinamwambia mlalamikaji arudi kesho, na mlalamikaji huyo ndiye baadaye anayesimama kuomba jeshi.

Ugumu wa hapa kwetu ni kwamba jalada linavuka serikali mbili. Polisi na upelelezi ni Muungano, fedha zake zinapitishwa Dodoma. Mkurugenzi wa Mashtaka, mahakama na Mkemia ni vya Zanzibar, fedha zake zinapitishwa Chukwani. Ukimuuliza mmoja, atakuelekeza kwa mwengine, na hatakuwa amekudanganya.

Lakini kila jimbo hapa lina mbunge na mwakilishi, na wote wawili hukaa kwenye vikao vya bajeti kabla ya Julai. Mbunge aulizwe: kituo chetu kina wapelelezi wangapi, na kila mmoja ana majalada mangapi mkononi? Wanapewa lita ngapi za mafuta kwa mwezi? Mwakilishi aulizwe: sampuli hukaa muda gani kwa Mkemia, kesi ya wizi huahirishwa mara ngapi kabla ya kusikilizwa, na shahidi anayefika mahakamani mara tatu bila ya kuitwa, nauli yake analipa nani?